Ncha Nyembamba Kama Unywele: Kerezo Dogo la Fundi Saa

Ndugu wasomaji, katika kazi yetu ya maendeleo ya jamii hapa Garissa tumezoea kuzungumza juu ya visima, mbuzi, vikundi vya akina mama na karo za shule. Safari hii tunaomba mtuvumilie, maana tutazungumza juu ya kitu kidogo kuliko hivyo vyote: ncha ya gurudumu la saa ya mkono, na kimashine kinachoitengeneza. Mtauliza, hiyo inahusu maendeleo vipi? Ngojeni tuwaeleze jinsi tulivyojifunza, tena kwa aibu kidogo.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukipita mara kwa mara kwenye kibanda cha kijana mmoja fundi saa karibu na soko. Kijana huyu alikuwa mwanachama wa kikundi tulichokuwa tukikisaidia. Kazi yake kubwa ilikuwa kubadilisha betri na mikanda. Saa za kutia ufunguo na zile za otomatiki alizifungua pia, lakini kwa woga.

Siku moja akaja mzee mmoja, akavua saa yake.

"Adeer, ina shida gani?" kijana akauliza kwa heshima, maana ndivyo Wasomali wanavyomwita mtu wa rika la baba.

"Nikiilaza mezani inatembea," mzee akasema. "Nikiivaa inasimama. Hii ni saa ya ndugu yangu marehemu. Iangalie vizuri."

Kijana akaifungua, akaona kwamba ncha moja ya gurudumu la mizani imepinda kidogo na imeshika kutu. Akainyoosha kwa kibano, kisha akachukua tupa ndogo aisafishe. Mara moja tu, ncha ikakatika. Mzee hakugombana. Aliikunja saa yake ndani ya leso, akasema Mungu ndiye ajuaye, akaenda zake. Lakini wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi nao wakaomba saa zao, wakaondoka. Kijana alifunga kibanda mapema siku ile.

Sasa aibu yetu iko hapa. Katika stoo yetu kulikuwa na sanduku la vifaa vya saa ambalo tulikuwa tumepewa na mfadhili. Ndani yake mlikuwa na kitu cha chuma na shaba, urefu wake kama kiganja cha mkono, chenye kigurudumu cha kuzungusha na vifereji vidogo vidogo. Hakuna aliyejua ni cha nini. Katika daftari la stoo tulikuwa tumeandika hivi: "Kifaa kidogo cha chuma, 1." Kilikuwa ni kile kile ambacho kingeiokoa saa ya mzee.

NCHA YA GURUDUMU NI NINI?

Ndani ya saa ya mkono ya kutia ufunguo kuna magurudumu kadhaa yenye meno. Kila gurudumu limeshikwa na ekseli ya chuma, na kila ekseli ina ncha mbili, moja juu na moja chini. Ncha hizi, ambazo mafundi wengine huziita pivoti, zinazunguka ndani ya matundu. Katika saa nzuri matundu hayo yamechongwa ndani ya vijiwe vyekundu, yaani rubi iliyotengenezwa kiwandani. Ukisoma kwenye uso wa saa kwamba ina vito 17 au 21, basi vijiwe hivyo ndivyo vinavyohesabiwa.

Ncha nyembamba kuliko zote ni za gurudumu la mizani, lile linalokwenda huku na huku bila kupumzika. Unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita moja. Unywele wa kichwa chako haupishani nayo sana. Na juu ya ncha hiyo kuna kazi ambayo hata punda wa maji hawezi kulinganishwa nayo. Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja. Hiyo ni mara 432,000 kwa siku, na zaidi ya milioni 157 kwa mwaka. Seiko 5, saa ya otomatiki ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1963 na inayopendwa sana Afrika Mashariki, kwa kawaida hupiga mara 21,600 kwa saa.

Sasa mtaelewa kwa nini saa ya yule mzee ilitembea ikiwa mezani na kusimama mkononi. Saa ikilala, gurudumu la mizani linasimama juu ya kichwa cha ncha moja tu, kama pia ya mtoto. Msuguano ni mdogo. Saa ikivaliwa, inasimama wima mara nyingi, na hapo ubavu wa ncha zote mbili unaegemea kwenye tundu. Kama ubavu una kutu, una mikwaruzo au umepinda, nguvu ya springi haitoshi kuusukuma. Saa inachoka, inasimama. Kwa hiyo dalili ile mzee aliieleza vizuri kabisa. Sisi ndio tuliokosa masikio.

KWA NINI HAPA KWETU NCHA ZINAHARIBIKA HARAKA?

Hapa Garissa, Wajir na Mandera saa ina maadui watatu.

Wa kwanza ni vumbi. Mchanga una chembe za jiwe liitwalo kwatzi, ambalo ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Vumbi likiingia ndani ya saa linachanganyika na mafuta, na mafuta yanageuka kuwa kama dawa ya kunolea visu. Kuna jambo moja la kushangaza hapa. Pale ambapo ncha inazunguka ndani ya tundu la shaba lisilo na kijiwe, mara nyingi kinacholika zaidi ni chuma, ingawa chuma ndicho kigumu. Sababu ni kwamba chembe ya mchanga inajichimbia katika shaba laini, inakaa pale kama jino, na kila ncha inapopita inakwaruzwa.

Wa pili ni joto. Siku nyingi hapa joto linapita nyuzi 35. Mafuta ya saa ni tone dogo sana, na yakikaa miaka bila kubadilishwa yanakauka na kuwa gundi.

Wa tatu ni jasho na maji. Mpira unaozuia maji ukishakauka, unyevu unaingia, na chuma chembamba kinashika kutu.

Ongezeni adui wa nne, ambaye ni kuanguka. Saa ikianguka kwenye sakafu ya simiti, ncha za mizani ndizo zinazopinda kwanza, hasa katika saa za zamani zisizo na springi ya kuzuia mshtuko.

KWA NINI TUPA INAUA?

Hili ndilo somo kubwa la makala hii. Tupa ina meno. Kila jino linaondoa chuma kidogo na kuacha mfereji. Kwenye bawaba ya mlango si kitu. Kwenye ncha yenye unene wa unywele, mfereji mmoja ni jeraha kubwa. Ncha inakuwa nyembamba, haiko mviringo tena, na uso wake una makwaruzo yatakayozidi kula tundu. Na msasa hauna nafuu sana, maana chembe zake zinabaki zimejishika kwenye chuma.

Dawa yake ni kung'arisha kwa kukandamiza. Akina mama wanaofinyanga vyungu wanajua jambo hili. Chungu kabla ya kuchomwa husuguliwa kwa kokoto laini. Kokoto haikwangui udongo. Inaulaza na kuukaza mpaka unang'aa. Fundi saa anafanya vile vile kwa chuma kigumu kilicho laini usoni, ambacho hapa tutakiita chuma cha kung'arishia. Kinapopita juu ya ncha inayozunguka, kinalaza vijimlima vya mikwaruzo na kuukaza uso wa chuma. Ncha inabaki na unene wake karibu wote, inakuwa mviringo, inang'aa kama kioo, na uso wake unakuwa mgumu kuliko kabla.

Lakini nani anaweza kushika ncha kama hiyo kwa vidole huku anaisugua? Hakuna. Ndipo kinapohitajika kile kimashine.

KEREZO LENYEWE LIKOJE?

Kerezo ni mashine ya kukereza, ile ambayo mafundi wetu wa jua kali huiita leithi. Wengi wenu mmeiona leithi kubwa inayokereza chuma au miguu ya vitanda. Hili la saa ni mjukuu wake. Linajulikana kwa jina la Jacot, na linatoka Uswisi. Kampuni ya Bergeon ya mji wa Le Locle ni mojawapo ya zilizolitengeneza.

Tuseme kidogo juu ya mji huo. Le Locle na jirani yake La Chaux-de-Fonds ni miji ya milimani, mahali pa baridi kali, ambapo ardhi haikufaa sana kwa kilimo. Wakulima walikuwa wakikaa ndani miezi ya theluji, na wengi wakajifunza kutengeneza sehemu za saa nyumbani, kila familia na sehemu yake. Kutokana na kazi hiyo ya dirishani ikakua sekta ya nchi nzima, na mwaka 2009 UNESCO iliitia miji hiyo miwili katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sisi wa nchi kavu tusidharau ufundi unaofanyika kwenye meza ndogo.

Kerezo hilo hubanwa kwenye jiliwa juu ya meza. Upande mmoja kuna kigurudumu chenye mfereji wa uzi, pamoja na kijiti kinachosukuma mkono wa gurudumu la saa ili lizunguke. Upande wa pili kuna pipa dogo lenye vifereji vilivyopangwa kwa unene, kila kimoja na namba yake. Ncha inalazwa ndani ya kifereji, na nusu yake ya juu inabaki wazi.

Nguvu inatoka wapi? Hakuna umeme. Kerezo la zamani linazungushwa kwa uta wenye uzi uliozungushwa mara moja kwenye kigurudumu. Fundi akivuta uta mbele na nyuma, ekseli inazunguka huku na huku. Yeyote aliyemwona seremala wa Lamu akitoboa mbao kwa keekee yake ya uta atalielewa kerezo hili mara moja. Mengine yana mpini wa kuzungusha kwa mkono. Kwa mahali ambapo umeme hukatika, au haujafika, hii ni faida kubwa.

KAZI INAVYOFANYWA

Yule kijana tulimpeleka kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi Nairobi. Tulikaa naye tukiandika. Haya ndiyo aliyotufundisha.

1. Safisha kwanza. Gurudumu liondolewe, na kama ni la mizani, springi yake nyembamba itolewe pia. Oshea kwa petroli au dawa ya kuoshea saa katika kifuniko kidogo. Tafadhali, mbali na jiko, taa ya mafuta na sigara, na dirisha liwe wazi.

2. Kagua kwa kioo cha jicho. Je, ni kutu ya juu tu? Ni mikwaruzo? Imepinda? Imekatika? Kerezo halirudishi ncha iliyokatika. Hiyo inataka ekseli nyingine.

3. Nyoosha kabla ya kung'arisha. Ncha iliyopinda kidogo hunyooshwa kwa kibano, polepole, na ikibidi kibano cha shaba kilichopashwa moto kidogo. Ikiwa imepinda sana, mara nyingi itakatika. Hapo fundi amwambie mwenye saa kabla hajagusa: "Mzee, inaweza kukatika. Niendelee au niache?" Akikubali, amekubali akijua.

4. Chagua kifereji. Ncha ikilala ndani yake, itokeze juu kidogo tu. Kikiwa kipana, ncha itayumba. Kikiwa sawa, chuma cha kung'arishia kitafika kwenye kingo za kifereji na kusimama, kwa hiyo huwezi kuipunguza ncha kupita kiasi. Kifereji ndicho kinachokulinda na pupa yako mwenyewe.

5. Tia tone la mafuta, kisha ng'arisha. Chuma kinakwenda kinyume na ncha. Uso wa juu wa ncha ukija upande wako, sukuma chuma mbele. Ukirudi mbele, vuta chuma nyuma. Mkono uwe mwepesi. Futa, tazama kwa kioo, rudia. Yule mzee alikuwa akisugua mara chache, anatazama, anasugua tena. Hakuhesabu dakika.

6. Maliza kichwa cha ncha. Kerezo lina kisahani chenye matundu madogo. Ncha inachomoza kupitia tundu, na kichwa chake kinalainishwa hapo. Kichwa cha upande mmoja kikiwa kibaya kuliko cha pili, saa itakwenda mwendo mmoja ikilala uso juu, na mwendo mwingine ikilala uso chini.

7. Osha tena, kisha jaribu ncha katika tundu lake. Iingie bila kusukumwa, na gurudumu liegemee kidogo tu. Likiegemea sana, ncha imekuwa nyembamba mno.

Chuma cha kung'arishia nacho kinataka kutunzwa. Kina mikono miwili, cha kulia na cha kushoto, na kona yake inatofautiana: ya duara kwa ncha za mizani, ya mraba kwa ncha za magurudumu mengine. Uso wake hutengenezwa upya mara kwa mara kwa unga wa msasa, ukisuguliwa kwa kukata upana wake. Kijana wetu alipokiona mara ya kwanza alisema, "Kumbe nilidhani hii ni tupa iliyoisha." Alikuwa karibu kukitupa.

JE, KIKUNDI KINUNUE?

Hapa tuseme ukweli. Kerezo jipya kutoka Uswisi ni ghali, na si kila kibanda kinalihitaji. Siku hizi simu inaonyesha saa, na saa nyingi zinazouzwa sokoni ni za betri. Saa ya betri ya bei ndogo ikiharibika, mara nyingi ni nafuu kubadilisha mashine yote ya ndani. Fundi anayeishi kwa betri na mikanda asiingie deni kwa ajili ya kerezo.

Lakini bado wapo watu wenye saa za otomatiki, saa za kutia ufunguo na saa za ukutani, na mara nyingi ndizo saa walizoachiwa na wazazi. Mtu wa namna hii hatafuti saa mpya. Anamtafuta fundi, na akikosa hapa atapanda basi kwenda Nairobi, karibu kilomita 370.

Ushauri wetu ni huu. Kabla ya kununua, fundi aandike katika daftari kwa miezi mitatu: saa ngapi zimeletwa zenye ubovu wa ncha, ngapi amezirudisha bila kutengeneza, na wateja wangekuwa tayari kulipa kiasi gani. Hesabu ikionyesha kwamba kazi ipo, mafundi watatu au wanne wachange wawe na moja kwa pamoja, hata lililotumika, wakilikagua vifereji kwa kioo kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Wakubaliane nani analitunza, na kila anayelitumia aandike. Na kabla ya yote, mmoja wao apelekwe kujifunza na kufanya mazoezi kwenye magurudumu ya saa zilizokufa. Sisi tulikuwa na kerezo bila mwalimu, na halikutusaidia hata siku moja.

MZEE ALIRUDI?

Tunajua mtauliza. Kijana alifanya mazoezi miezi mingi, akakata ncha nyingi za saa zilizokufa. Kisha akamtafuta yule mzee kupitia jamaa zake. Mzee hakuwa na haraka ya kuileta tena saa, na nani angemlaumu? Mwishowe alikuja.

Ncha iliyokatika haikuweza kurudi. Kijana alipata saa nyingine mbovu ya aina ile ile, akatoa ekseli yake nzima. Ncha zake zilikuwa na kutu, na moja ilikuwa nene kidogo kwa tundu la saa ya mzee. Akazilaza kwenye kerezo, akazing'arisha mpaka zikaingia. Alimwonyesha mzee kila hatua kwa kioo cha jicho, na hakutaka malipo.

Saa haikuwa mpya. Inachelewa dakika chache kwa siku, na mzee huirekebisha kila asubuhi. Lakini inatembea mkononi. Mwezi wa Ramadhani uliofuata tulimkuta amekaa nje ya duka jioni, anaitazama akingoja saa ya kufuturu. Alituonyesha tu mkono, hakusema neno.

Nasi tulirudi stoo, tukafungua daftari, tukakata ule mstari wa "Kifaa kidogo cha chuma" na kuandika jina lake. Kisha tukaanza kukagua vitu vingine vyote ambavyo hatukuvijua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika stoo ya kikundi chenu kuna kifaa ambacho hakuna anayejua kazi yake? Ni nani katika eneo lenu, hata mzee aliyestaafu, anayeweza kuwafundisha?

2. Fundi akiharibu mali ya mteja, afanye nini? Na kikundi kimsaidie vipi?

3. Ni kazi gani ndogo za mikono ambazo watu wa hapa wanazifuata Nairobi, na ambazo vijana wetu wangeweza kuzifanya wakipata kifaa na mwalimu?